Uvimbe wa kongosho, kumbe huenda ni saratani ya damu

SWALI: Shikamoo daktari. Mjomba wangu ana macho ya manjano, na picha ya CT imeonyesha uvimbe wa sentimita 8 kwenye kichwa cha kongosho. Daktari anasema huenda ni saratani ya damu, anataka kinyama cha kupima. Wazee wamekataa: uvimbe ukichomwa sindano husambaa. Tufanyeje? – Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba. Saratani ya damu haikai kwenye mishipa tu. Chembe zake zinaweza kujazana hata kwenye kongosho, ingawa ni nadra, na mara nyingi huwa ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu inayoanzia kwenye tezi. Daktari huishuku akiona uvimbe mkubwa huku mrija wa kongosho haujatanuka sana, au tezi zimevimba hadi chini ya mishipa ya figo. Kipimo cha damu cha CA 19-9, kinachotumika kufuatilia saratani ya kongosho, kisiwababaishe. Mrija wa nyongo ukiziba tu, nacho hupanda.

Hofu ya wazee si ya bure, ila sindano kusambaza saratani hapo hutokea kwa nadra mno. Hatari kubwa ni kukosa jibu: limfoma hutibiwa kwa dripu za dawa, na mtu anaweza kupasuliwa upasuaji mzito asiouhitaji.

Kinachoharibu majibu zaidi ni namna kinyama kinavyochukuliwa na kutunzwa. Sindano nyembamba inayovuta chembe chache tu mara nyingi haitoshi. Ombeni ile inayokata kipande. Kipande kimoja kiingie kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10, angalau mara kumi ya ujazo wake. Kingine kibaki kibichi kwenye salaini (maji ya chumvi ya hospitali), kwa kuwa fomalini huua chembe, na flosaitometri, mashine inayotambua aina ya chembe moja moja, huhitaji chembe hai. Hicho kibichi hakingoji basi la kesho. Kama hapa Mtwara hakuna wa kukipima siku hiyo, heri asafiri mjomba akachomwe Muhimbili kuliko kusafirisha kichupa. Fomu iandikwe wazi “tunashuku limfoma”, ili maabara ipake rangi za kutambua aina ya chembe za damu, yaani CD20, CD3, CD138 na MPO. Na kama ana tezi shingoni au kwapani, ikatwe hiyo kwanza. Ni rahisi zaidi.

Kabla ya kinyama asipewe dawa za steroidi, kama prednisoloni au deksamethasoni, za kununua dukani “kupunguza uvimbe”. Limfoma inaweza kuyeyuka kwa siku chache, maabara ikaona nyama iliyokufa tu, na ugonjwa ukarudi baadaye. Kama ameshazimeza, mwambieni daktari, msizikatishe wenyewe.

Akipata homa na kutetemeka na manjano hayo, nyongo huenda imeingiwa na vijidudu. Mpelekeni hospitali ya Ligula usiku huohuo, msingoje majibu ya kinyama.