Mwanangu, bima iandikwe jina lako

Wa alaykum salaam mwanangu,

Sote hatujambo, na baba yako anakusalimu. Umetuandikia kwamba umeoneshwa Mazda CX-5 ya dizeli, ya mwaka 2013, iko kwa mtu Fuoni huku Unguja, na unauliza mawili: kama dizeli itakufaa huko Pemba, na kama bima tuikate kwa jina la baba yako, ile ndogo tu ya kumlipa uliyemgonga, kwa sababu wenzako wa skuli wamekwambia kijana hutozwa zaidi. La bima nitakujibu mwenyewe, maana meza ya madai ya kampuni ya bima ndiyo niliyokalia umri wangu wote wa kazi. La injini nilikwenda gereji kwa mjomba wako, nikamkalia mpaka akanieleza nikaelewa.

Hakuniuliza bei wala rangi. Aliuliza unakwenda wapi kila siku. Nikamwambia Machomane mpaka Vitongoji kusomesha na kurudi, na mara moja moja Wete kwa bibi yako. Akasema basi hiyo gari si yako.

Sababu yake ni hii. Dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye njia ya moshi, mafundi wanakiita DPF. Kikijaa, gari yenyewe huyachoma masizi yale, lakini moshi lazima ufike joto la kiasi cha digrii 600, na joto hilo linataka injini iliyokwisha kupata moto na mwendo wa kutulia wa robo saa au zaidi. Wewe unafika skuli injini ndiyo kwanza inapasha. Gari inaanza kuchoma, unazima. Mchana inaanza tena, unazima tena. Dizeli ya ziada inayopulizwa kwa kazi hiyo, isipoungua, huteremka kwenye oili, oili ikawa nyepesi na haikingi tena injini. Ndiyo maana mjomba wako anasema ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukakuta oili imepanda juu ya alama na hujaongeza kitu, usifurahi. Hiyo ni dizeli imeingia.

Barabara ndefu ya kulipasha joto bomba la moshi Pemba ipo, Mkoani mpaka Konde, lakini sikuoni ukiifanya kila wiki kwa ajili ya kichujio, na mafuta unanunua kwa mshahara wa mwalimu. Dizeli inamfaa anayekwenda mbali au anayebeba mizigo. Kwa safari fupi kama zako, kile unachookoa kwenye mafuta kinakwenda kwa fundi, na chengine juu yake.

Atatokea mtu akwambie chukua basi Hilux Surf ya zamani yenye injini ya dizeli ya 1KZ, haina kichujio. Kweli haina. Lakini injini ile inajulikana kwa kupasuka silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ikizidi joto, na zilizobaki zimeshapita mikono mingi. Huwezi kujua nani aliiendesha rejeta ikivuja.

Shauri langu ni petroli ndogo, Toyota IST au mfano wake, ambayo kila fundi wa Chake anaifungua na vipuri vyake vipo. Ukishikilia dizeli sitakukataza, umeshakuwa mtu mzima. Ila muuzaji asiiwashe mpaka mjomba wako afike. Aguse boneti kwanza, na ikiwa ya moto arudi siku nyingine, kwa sababu dizeli inayosumbua kuwaka hupashwa moto mapema ili mnunuzi asione. Moshi mweusi mzito wakati wa kukanyaga mafuta unataka nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zitazamwe, wa buluu ni oili inaungua, mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto unataka silinda hedi ipimwe. Na alale chini atazame kutu. Hapa tuna hewa ya bahari, na gari nyingine zilikwisha kula chumvi huko Japani kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji.

Sasa bima.

Hilo la kijana kutozwa zaidi limetoka nje. Binti wa ami yako aliyeko London alitwambia huko umri peke yake unapandisha bei mara nyingi. Kwetu bei hufuata zaidi thamani ya gari na matumizi yake. Umri wako utauona mahali pengine, kwenye ekses, yaani ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Kampuni nyingi humuongezea kijana au mwenye leseni changa. Uliza ni kiasi gani, waandike, na pesa hiyo uwe nayo pembeni.

Kwa hivyo jina la baba yako litakuokolea kidogo sana, na linaweza kukupotezea yote. Fomu inauliza gari ya nani, inalala wapi, nani muendeshaji wa kila siku. Ukijaza kwamba ni baba anayekaa Unguja, na gari ikagonga Vitongoji saa moja asubuhi ikiwa na daftari za wanafunzi wako kiti cha nyuma, mkaguzi wa madai hahitaji zaidi ya hapo. Bima imesimama juu ya ukweli wa aliyejaza fomu, na kampuni ina haki ya kukataa dai. Mwanangu, nimewaona wazazi wakilia mbele yangu kwa jambo hili, watu wema wasiokusudia kumuibia mtu, na sikuwa na la kuwasaidia. Sitaki kukuona wewe kwenye kiti kile.

Bima ndogo ndiyo inayotakiwa na sheria, na inamlipa mwenzako uliyemgonga. Gari yako hailipi. Mwaka wa kwanza wa kuendesha kata kubwa, inayolipa na gari yako. Wakikutoza asilimia tatu na nusu, gari ya shilingi 14,000,000 ni 490,000 kabla ya kodi. Nyingi, najua. Usizipunguze kwa kuandika gari ina thamani ya 7,000,000. Ukipata hasara ya 2,000,000 watakwambia ulikata bima ya nusu ya gari, wakulipe 1,000,000, na ekses itoke humo humo.

Bima ya matumizi binafsi haichukui biashara. Walimu wenzako wakikulipa nauli kila mwezi, sema kabla ya kukata. Na kaka yako akiiomba aipeleke Nungwi kuwakodisha wageni, mkatalie, mwambie nimekataza mimi. Stika utakayoikuta kwenye kioo ni ya mwenye gari wa sasa, usiitegemee. Ukikata yako, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, uone kama imo kweli, maana stika za uongo zimewahi kuuzwa. Kama moyo wako una wasiwasi wa kidini kuhusu bima za kawaida, ZIC, shirika la bima la Zanzibar, siku hizi wana takaful, yaani bima ya Kiislamu, waulize masharti yao.

Mjomba wako anaweza kwenda Fuoni Jumamosi alfajiri. Nitumie kabla ya Alkhamisi picha ya kadi ya gari, mbele na nyuma, na namba ya chesesi, alinganishe na iliyogongwa kwenye chuma. Mpaka hapo usimpe mtu hata shilingi ya arubuni.

Mama yako