Ukifika Ujerumani, anza na jina kwenye sanduku la barua

Wanafunzi wengi hufika Ujerumani mwanzoni mwa Oktoba wakiwa wamejiandaa kwa baridi. Baridi ina dawa yake, koti. Kinachowatesa wageni miezi ya kwanza ni karatasi, kwa sababu nchi hii bado inaendeshwa kwa barua za posta. Kadi ya benki huja kwa barua, namba yake ya siri huja kwa barua nyingine siku tofauti, na bima ya afya na ofisi za serikali nazo huandika.

Majengo mengi ya ghorofa hayana namba za milango. Tarishi huangalia jina la ukoo kwenye kengele na kwenye sanduku. Jina lako lisipokuwepo, barua hurudi ilikotoka, na wewe hutajua kama iliwahi kuja. Kwa hiyo siku ile ile unapopokea funguo, bandika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, hata kama ni kwa kipande cha karatasi na gundi. Kama umepanga chumba ndani ya nyumba ya mtu, kila anayekuandikia aongeze c/o na jina la mwenyeji wako kwenye anwani.

Baada ya hapo, nenda ukaandikishe makazi, jambo ambalo kila mtu huku huliita Anmeldung. Sheria inakupa wiki 2 tangu kuhamia. Huko Bürgeramt, ofisi ya mji inayohudumia wakazi, utadaiwa pasipoti, fomu iliyojazwa, na karatasi iitwayo Wohnungsgeberbestätigung, ambamo mwenye nyumba anathibitisha kuwa umehamia kwake. Hii ndiyo inayowarudisha watu nyumbani mikono mitupu: wanapeleka mkataba wa pango wakidhani unatosha, nao hautoshi. Katika miji mikubwa kama Berlin miadi ni ya kugombania, basi weka yako mtandaoni hata kabla hujasafiri, na kama tarehe iliyopatikana inapita wiki 2, hifadhi uthibitisho wa siku uliyoomba. Mwenye nyumba akikwambia chumba chake hakina Anmeldung, achana nacho hata kikiwa cha bei poa. Bila kuandikishwa, namba ya kodi haiji, na ukianza kibarua mwajiri anaweza kukukata kodi kwa daraja la juu kabisa.

Muda si mrefu itakuja barua ya Rundfunkbeitrag, ada ya redio na televisheni za umma, euro 18.36 kwa mwezi. Wageni huitupa wakidhani ni matapeli, au kwa kuwa hawana televisheni. Ada hii ni ya nyumba, iwe na televisheni au isiwe nayo, na deni huendelea kukua kimya kimya. Nafuu ni kwamba nyumba moja hulipa mara moja: mkiishi wanne, mmoja analipa, wenzake wakijibu barua zao wanaandika namba yake ya mlipaji wa ada hiyo, kisha mnagawana gharama.

Ukikuta bahasha ya njano, yaani barua rasmi ya mahakama au ya ofisi ya serikali, usiichane na kuitupa. Tarishi ameandika juu yake tarehe aliyoiweka sandukuni, na muda wa kukata rufaa unahesabiwa kuanzia hapo, mara nyingi wiki 2 au mwezi 1, hata kama ulikuwa safarini. Ihifadhi pamoja na barua yake.

Kwa majirani, heshima kubwa ni utulivu. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na Jumapili kutwa nzima, hakuna kutoboa kuta wala kupiga muziki wa kusikika nje, na chupa za kioo hazitupwi kwenye makontena ya mtaani. Maduka nayo hufungwa Jumapili, isipokuwa baadhi ya yale ya stesheni kubwa, hivyo mchele na mafuta nunua Jumamosi. Mtu mzima mwite Herr (Bwana) au Frau (Bibi) na jina la ukoo mpaka yeye mwenyewe akuruhusu kumwita jina la kwanza. Kupita kwa mtu na kupiga hodi tu, kama tunavyofanya kwetu, huwashtua; tuma ujumbe kwanza. Na usimpongeze mtu kwa siku ya kuzaliwa kabla siku yenyewe haijafika, wanaona ni nuksi.

Jikoni kuna jambo linalowagharimu sana wapishi wetu. Mvuke wa maharage yanayochemka saa nzima hauna pa kutokea, kwa kuwa madirisha ya huku hubana kabisa. Hutulia kwenye kona baridi za ukuta na kuzaa ukungu mweusi, na ukihama mwenye nyumba huukata kwenye dhamana yako, ambayo inaweza kufika pango la miezi 3. Zima hita, fungua madirisha wazi kabisa dakika 5 hadi 10, kisha funga. Fanya hivyo asubuhi, jioni na kila baada ya kupika. Kuliacha dirisha limeinamishwa upande wa juu, likiwa wazi kidogo tu, kutwa nzima wakati wa baridi ndiko kunakoharibu, maana ukuta hupoa na hewa haibadiliki vya kutosha.

Kwenye treni za mjini hakuna geti, lakini wakaguzi wapo, wengi wakiwa wamevaa kiraia. Tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye kimashine cha jukwaani au ndani ya behewa kabla ya safari. Isiyogongwa hesabu yake ni sawa na kutokuwa nayo, faini euro 60.