Daftari la masurufu lilivyonifundisha Kiingereza cha pesa

Wifi yangu, mke wa kaka, kazaliwa Uingereza, ndiko wanakoishi, na Kiswahili hakijui. Ujumbe wake huja kwa Kiingereza, na mimi ndiye mkalimani wa nyumba yetu hapa Jang'ombe, Unguja. Mwaka mmoja, Ramadhani imeingia kumi la mwisho, aliandika: "Money is tight, we are barely making ends meet." Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na maneno yote nayajua, isipokuwa "barely", nikaliruka. Nikamsomea mama: pesa imekaza, lakini ncha zinakutana. Mama akasema alhamdulillahi, kama zinakutana basi hawajambo. Tukawapelekea orodha ya Idi kama kawaida: nguo za watoto, mchele, zulia la ukumbini.

Vyote vilikuja. Kaka alipokuja likizo miaka miwili baadaye ndipo nilipojua kuwa walikopa. Mpaka leo linaniuma.

"Making ends meet" ni chumo kufika mwisho wa matumizi, basi. Ukisikia "barely", yaani kwa taabu, mbele yake, jua mwenzio yuko pabaya.

Kwa hiyo nawaambia mnaojifunza: misemo ya pesa msiifasiri neno kwa neno, na msiihifadhi kwa orodha za vitabuni. Ipachikeni kwenye pesa zenu wenyewe. Mimi nina daftari la masurufu. Kila usiku naandika kilichotoka: samaki, nazi, umeme, nauli ya daladala. Kando naandika msemo mmoja tu unaoshabihiana na siku ile, na chini yake vile ambavyo sisi tungesema. Mwezi ambao mshahara wote uliishia chunguni, niliandika "living from hand to mouth", na chini yake: kijungujiko. Sijausahau tena.

"Save for a rainy day" ndio ninaoupenda zaidi, maana kwetu una ukweli wake. Anayefanya kazi kwenye hoteli za Paje au Nungwi anaijua masika, kuanzia Machi hadi Mei: wageni hupungua, baadhi ya hoteli hufunga, na wapo wanaorudi nyumbani bila mshahara. Mwingereza akitaja siku ya mvua anakusudia dhiki yoyote, maradhi au kukosa kazi, hata kama jua linawaka. Lakini mimi uliniingia siku niliyovunja kibubu mwezi wa Aprili, mvua inapiga bati, nikahesabu noti zilizokunjwa za Disemba na kwenda kununua mchele.

"Penny wise, pound foolish" unataka hesabu kidogo. Hadi Februari 1971 pauni moja ilikuwa peni 240, kwa hiyo mtu huyu anaibana ile moja huku zile 240 zinamtoka. Sisi husema rahisi huvunja upishi. Niliuandika siku niliyonunua makaa yaliyolowa kwa sababu ya bei. Nilipuliza jiko mpaka adhuhuri, na gunia halikufika wiki mbili.

Upo pia "bring home the bacon", kuleta chumo nyumbani. Najua Waislamu wenzangu wanaoukwepa kwa ajili ya nyama ya nguruwe iliyotajwa humo, na nawaelewa. Mtu anayelisha nyumba mwite "breadwinner". Huo ni mkate, na kila mtu atakufahamu.

Mwezi uliopita wifi aliandika: "We are finally back in the black." Safari hii sikukimbilia kusoma. Kwenye vitabu vya hesabu, hasara ilikuwa ikiandikwa kwa wino mwekundu na salio jema kwa mweusi. Nikamwambia mama: wametoka kwenye deni. Akauliza weusi umeingiaje hapo. Nikafungua daftari langu, nikamwonyesha ukurasa wa Aprili, mistari yote ya kalamu nyekundu. Akapitisha kidole mstari mmoja mmoja mpaka chini, kisha akasema mwaka huu tusiwapelekee orodha.