Ukitazama filamu ya China, weka ramani magotini

Shuleni nilikariri mito ya China kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha: Yangtze, Huang He, Xi Jiang. Mtihani ulipokwisha, yote yakanitoka. Mito ile ilinirudia ukubwani, nikiwa nimekaa sebuleni natazama filamu iitwayo Still Life.

Ni kazi ya Jia Zhangke, nayo ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 2006. Mchimba makaa ya mawe kutoka mkoa wa Shanxi, kaskazini, anasafiri hadi Fengjie, mji ulio kando ya Yangtze, kumtafuta mkewe waliyetengana miaka 16 nyuma. Anwani anayo mkononi. Mwenye pikipiki anampeleka, anasimama ukingoni, anamwonyesha maji. Mtaa wenyewe uko chini humo.

Nilisimamisha filamu nikachukua atlasi. Mji umezamaje na bwawa liko mbali vile? Bwawa la Three Gorges liko mashariki, karibu na Yichang. Lakini mto pale unapita kwenye makorongo membamba yenye kuta za milima pande zote mbili, kwa hiyo maji yaliyozuiwa hayakupata pa kutanukia. Yalirudi nyuma kufuata mto, yakafanya ziwa refu la zaidi ya kilomita 600, mpaka Chongqing. Watu zaidi ya milioni 1 walihamishwa. Umeme wake ni megawati 22,500. Bwawa letu la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115, na sisi tunaliona kubwa, kwa haki kabisa.

Kuna mahali katika filamu hiyo ninaparudia kila mara. Vibarua wamekaa wanaelezana makwao. Wa hapo wanamwonyesha mgeni noti ya yuan 10: nyuma yake pamechorwa Kuimen, mlango wa korongo la Qutang, hapohapo jirani. Naye anatoa noti ya 50 ya wakati ule, yenye maporomoko ya Hukou kwenye Huang He, upande wa kwao. Weka kidole kimoja Qutang na kingine Hukou, kisha fuata kila mto kuelekea magharibi. Vidole vyako vitakutana kwenye uwanda wa juu wa Qinghai, maana mito yote miwili chimbuko lake ni huko. Mwalimu aliniambia hivyo darasani, lakini siku hiyo ndipo nilipoelewa.

Basi anza na filamu ambayo ndani yake mtu anasafiri. Kila jina la mahali likitajwa au likionekana kwenye kibao, simamisha, litafute, liandike. Mara ya kwanza inachosha, najua. Itazame mara moja kwa ajili ya hadithi, halafu urudie kwa ajili ya ramani. Hata Train to Busan ya mwaka 2016, pamoja na vitisho vyake vyote, inakuvusha Korea Kusini kutoka Seoul hadi pwani ya kusini-mashariki, na ukirudia utazitambua Daejeon na Daegu njiani.

Baada ya hadithi, tafuta dokumentari ya mahali palepale. Mimi baada ya Still Life nilitazama Up the Yangtze ya mwaka 2007, inayofuata familia maskini ya ukingoni mwa mto huohuo: binti anakwenda kufanya kazi kwenye meli ya watalii huku maji yakipanda kuelekea nyumba yao. Kisha nikahamia Huang He, yaani Mto wa Manjano, kwa filamu ya Yellow Earth ya mwaka 1984. Humo utaona kwa nini mto unaitwa wa manjano: eneo lote lile ni udongo laini wa manjano ulioletwa na upepo, mvua inausomba, watu wanachimba nyumba zao ndani yake, na msichana anakwenda mbali kuchota maji mtoni kwa sababu juu kwenye uwanda ni kukavu.

Lakini usiamini kila mlima unaouona. Katika The Last Samurai, mlima unaosimama badala ya Fuji wa Japani ni Taranaki, nao uko New Zealand. Kabla hujaandika chochote kuhusu mandhari, hakikisha filamu ilipigwa wapi. Na usichanganywe na majina: Chang Jiang ndiyo Yangtze, na Pusan ya ramani za zamani ndiyo Busan ya leo.

Atlasi ninayotumia ni ileile ya shule, imeshonwa mgongoni kwa uzi. Fengjie haimo. Nimeiweka mwenyewe kwa penseli, nukta mbili: moja mtoni, ulipokuwa mji wa zamani, na moja juu kidogo kwenye mteremko, walipojenga mpya.