Kabla hujalipa tiketi, uliza wenyeji wanakaa wapi jioni

Siku nne za safari yangu ya kwanza ya ndege nilizimaliza ndani ya kiyoyozi. Ilikuwa Dubai. Mchezo wetu wa kuchangishana pesa wa mwaka mzima uliponiangukia, nilibeba pesa zote nikampelekea wakala mmoja aliyeniahidi "Dubai yote, dada, hubakishi kitu". Dubai yote ikawa hoteli iliyo mbali na kila mtu, basi la asubuhi, maduka makubwa ya marumaru, basi la jioni. Vitu vizuri, sikatai. Ila mfanyabiashara wa khanga na madera kutoka Ngamiani, Tanga, anatazama nini kwenye duka la saa za dhahabu?

Siku ya tano, ndege ikiwa ya usiku, niliwatoroka wenzangu nikachukua teksi hadi Deira. Loo! Majahazi yamejipanga kwenye khori, wanapakia majokofu na matairi. Ndani kidogo kuna soko la viungo, iliki na ndimu kavu kwenye magunia wazi, harufu ya ubani imekamata hewa. Nikapanda abra, mashua ya mbao ya kuvushia watu, abiria mnakaa mgongo kwa mgongo kwenye benchi moja la katikati. Nauli dirhamu 1. Nilivuka, nikarudi, nikavuka tena.

Nilipofika Tanga mama alizipitia picha zangu zote kwenye simu bila neno, mpaka akafika ile ya nahodha wa abra. "Huyu si kama wavuvi wetu wa Deep Sea?" Ndiyo picha pekee aliyoomba nimtolee.

Kwa hiyo kosa halikuwa la Dubai. Mji ulikuwa na watu wake na mambo yake, mimi ndiye niliyelala kusiko. Tangu hapo, kabla ya kuuliza bei ya tiketi, namtafuta mtu aliyewahi kuishi huko nimuulize: wenyeji wakitoka kazini jioni, wanakwenda kukaa wapi? Akinitajia duka kubwa, nauliza mwingine. Akinitajia mtaa, uwanja, ufukwe au soko, natafuta chumba ninapoweza kutoka kwa miguu mpaka hapo, hata kama ni kidogo na hakina chai ya asubuhi.

Fikiria mgeni wa kwetu. Akilala Raskazone, akaenda mapango ya Amboni, akarudi kutazama bahari, atawaambia watu kwao kwamba Tanga kumepoa. Hajakaa Ngamiani baada ya swala ya alasiri, baiskeli zinapita, kahawa chungu na kashata, mabishano ya mpira yasiyo na mwisho. Tunajisifu kwamba Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini huyo aliondoka asubuhi yake bila kuona kitu.

Mji ulionifaa kuliko yote ni Muscat. Nilishukia Mutrah, karibu na bandari na soko lake la zamani. Nilijua Oman kuna wasemao Kiswahili, maana ukoo wa watu wengi umegawanyika huku na huko, na baada ya 1964 wengi wa Unguja walihamia kule. Sikujua ni kiasi gani. Jioni ya kwanza nilikuwa nabishania bei ya ubani kwa vidole na kikokotoo, nimejitanda khanga yangu iliyoandikwa "Japo sipati tamaa sikati". Bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti nyuma ya duka akaisoma kwa sauti, akacheka mpaka akashika ubavu, akamwambia kijana wa duka kwa Kiswahili cha Unguja kabisa: "Mpunguzie, hakati tamaa huyu!" Nikapunguziwa. Nikaletewa na kahawa ya iliki, tende na halua. Nikaulizwa bei ya nazi Tanga.

Nje nako wanachoma mishkaki, na jina ni hilohilo.

Usiende Juni wala Julai, joto linapita nyuzi 40 na watu wanajifungia ndani mchana kutwa. Novemba mpaka Februari ndiyo raha. Ijumaa asubuhi usipange kununua kitu, maduka mengi yanafungua baada ya kuswali na kula.

Addis Ababa nilikaa siku tatu tu, nikitarajia kujiona mgeni kabisa. Kumbe saa zao ni kama zetu, jua likichomoza wanaanza kuhesabu moja! Nilipoambiwa saa mbili nilijua ni saa mbili, Mzungu wa chumba cha pili akachelewa basi. Ukikaribishwa kahawa, ujue inachemshwa mara tatu na si adabu kunyanyuka baada ya kikombe cha kwanza, na cha tatu wanakiita baraka. Beba sweta, mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, sisi wa pwani tunahema ngazi ya pili tu.

Kalenda nayo iangalie. Mji wa Waislamu mwezi wa Ramadhani mchana umelala, usiku ndio unaamka, kwa hiyo kama huwezi kukesha chagua mwezi mwingine. Na sherehe zinazofuata mwezi mwandamo huwahi kwa siku kama 11 kila mwaka, usimwige aliyekwenda mwaka juzi.

Kama pesa haijatosha ndege, nje ya nchi si lazima iwe mbali. Mombasa unapanda basi hapa, unagonga muhuri mpakani Horohoro bila viza, unavuka Likoni kwa kivuko. Fort Jesus, ngome aliyoanza kuijenga Mreno 1593 na Waomani wakamnyang'anya 1698, utaimaliza kwa saa mbili. Jioni nenda ufukwe wa Mama Ngina, kale mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu, usikilize Kimvita. Utadhani unakijua, kisha mtu atasema neno ubaki unatabasamu tu.

Mimi safari hii naitaka Lamu, Maulidi ya Mfungo Sita. Zamu yangu ya mchezo ni ya nne, na nimeshamwomba wa tatu tubadilishane. Anataka dera la bure kwanza.