Maswali ya Lugha: Mlango ulifunguka, "by" ya nini?

SWALI: Assalaam alaykum. Kwenye insha ya Kiingereza niliandika "The door opened by the wind", nikakatwa alama. Mwenzangu kaandika "The door opened" tu, kapata. Kosa langu lipi? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Wete)

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, mwanetu. Kosa ni hiyo "by the wind". Kiingereza kina njia tatu hapa. "The wind opened the door", upepo ulifungua mlango. "The door was opened by the wind", mlango ulifunguliwa na upepo. "The door opened", mlango ulifunguka. Ya tatu wengi huiweka katika kauli ya kati: kitenzi kina sura ya kutenda, lakini kiima ndicho kilichofikwa na jambo, na mtendaji hana nafasi. "By" humleta mtendaji pasipo na pa kumweka, kama ambavyo husemi "mlango ulifunguka na upepo". Ukitaka upepo utajwe, tumia mojawapo ya mbili za mwanzo, au sema "The door blew open".

Kipimo chake ni kuongeza lengo. "The boat was sunk to get the insurance money" inakubalika, maana yupo aliyekusudia hata kama hakutajwa. "The boat sank to get the insurance money" inachekesha: mashua yenyewe ndiyo inayotaka fedha za bima.

Ipo aina ya pili, nayo ndiyo yenye masharti: "This khanga washes well", "This cassava peels easily". Hapa hatusimulii tukio, tunataja sifa: khanga hii inafulika vizuri, muhogo huu unamenyeka upesi. (Wapo wanaoshikilia kwamba hii peke yake ndiyo kauli ya kati halisi. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe.) Kwa kawaida kitenzi huwa cha kukibadili kitu, kama "wash", "peel", "cut" na "split", ingawa "sell" na "read" zimejipenyeza. Kisha pawe na kielezi au ukanushi. Ukisema "This cassava peels" ukanyamaza, msikilizaji atangoja umalizie. "This cassava won't peel" imekamilika. Wakati wake hasa ni wa mazoea, si wa jambo la jana saa kumi.

Watu wetu huteleza zaidi penye -ika na -ikana. Kiswahili hunyambua hivyo vitenzi vingi mno. Kiingereza ni bahili. "Kinasomeka vizuri" ni "It reads well", sawa. Lakini "mnara unaonekana" si "The tower sees", ni "The tower can be seen". "Sauti inasikika" ni "The voice can be heard". "Anajulikana" ni "He is known", "inapatikana" ni "It is available", "uyoga huu unalika" ni "This mushroom is edible", na "njia haipitiki" ni "The road is impassable". Kuona, kusikia na kujua havikibadili kitu chochote, ndiyo maana vitenzi hivyo vinakataa. Ukiwa na shaka, tumia "can be" na ukanyambue kitenzi kwa kutendwa, hutakatwa alama.

SWALI: Natembeza wageni kwenye mashamba ya viungo, Kizimbani. Mimi husema "The cloves dry on the mats", mwenzangu hung'ang'ania "are dried". Nani yuko sawa? Na mgeni mmoja Mgiriki alisema kwao hii kauli ya kati ina umbo lake. Kweli?

JIBU: Nyote wawili mko sawa. "Are dried" inawakumbusha wageni wale walioanika na kugeuza. "Dry" inaiacha karafuu na jua lake. Sisi tunatenganisha kukauka na kukausha, Kiingereza kinatumia "dry" kwa yote mawili.

Mgeni wako kasema kweli. Lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, iliyozaa Kigiriki, Kisanskriti na hata Kiingereza, ilikuwa na kauli mbili, kutenda na kati. Kutendwa kulikuja baadaye, na katika lugha kadhaa kulichipuka humo humo katika kauli ya kati. Katika Kigiriki cha kale "louo" ni naosha, "louomai" ni naoga. Wanasarufi wa Kisanskriti, lugha ya kale ya Uhindi, kauli hizo mbili waliziita "parasmaipada", neno kwa ajili ya mwingine, na "atmanepada", neno kwa ajili ya nafsi. Upande wa Wajerumani wa kale, Kigothi cha karne ya 4 bado kilikuwa na viambishi vya kauli hii katika wakati uliopo. Kiingereza cha Kale kilibakiwa na mfano mmoja tu, "hatte", yaani anaitwa.

Kwa hiyo "sells well" ya leo haikurithi kiambishi chochote cha zamani. Sehemu ya chanzo chake ni jozi za vitenzi zilizogongana. Zamani kuungua kulikuwa "birnan" na kuunguza "bærnan". Sauti zikasogeleana, zikabaki "burn" moja yenye kazi mbili. "Melt" nayo ni hivyo hivyo. Jozi zilizonusurika ni "sit" na "set", "lie" na "lay", "fall" na "fell", na hizo za katikati huwasumbua hata Waingereza wenyewe.

SWALI: Kwenye kitabu cha zamani nimesoma "The house is building". Ni kosa la uchapaji? (Msomaji, Mji Mkongwe)

JIBU: Si kosa. Hadi karne ya 19 hivyo ndivyo walivyosema nyumba inajengwa. "Is being built" ilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 18, na baadhi ya wanasarufi wakaikemea kama uchafu. Leo andika "is being built". Ile ya zamani imebaki katika sentensi chache kama "The rice is cooking", na hiyo unaweza kuitumia bila wasiwasi.