Jibu: Mama anamuuguza baba, je, acheze muziki?

Dada, umeuliza kama mama yako wa miaka 66, anayemuuguza baba aliyepooza, anaweza kucheza muziki kwa ajili ya afya yake bila watu kumsema. Acheze! Hao wanaosema hawaji usiku kumgeuza mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kujenga uthabiti ili wasianguke. Rumba ya taratibu au taarabu inafaa. Asizunguke ghafla, hasa kama anameza dawa za presha, maana baadhi huleta kizunguzungu. Kandambili avue.

Ila kinachowakwamisha wauguzaji wa nyumbani mara nyingi ni kukosa nafasi. Pangeni zamu, wewe au kaka yako mkae na baba, mama aende kucheza na rafiki zake. Akicheza peke yake sebuleni mwili utanufaika, lakini upweke utabaki palepale. Siku nyingine wekeni nyimbo za bendi ya Msondo chumbani kwa baba, naye apige mdundo kwa mkono ulio mzima.